Mkia wa Kipaku

Nyinyi mliokulia upande wetu wa Tana, semeni kweli: ni raha gani ya utotoni iliyoshinda asubuhi ya mbuzi kuzaa? Tulipokuwa wadogo, kijijini kwetu karibu na Garsen, tulicheza kati, tulicheza bladda, tuliogelea maji ya mafuriko yakishapungua, na tulikula kambare wa moto mpaka vidole vikaungua kwa pupa. Lakini tukisikia mbuzi amebadilisha sauti, vyote hivyo tuliviacha tukakimbilia zizini.

Mbuzi walikuwa wa Hawe. Hivyo ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi. Alikuwa mkali, ila mwenye haki, na sheria yake ilikuwa moja: wa kwanza kutambua kuwa mbuzi atazaa siku hiyo ndiye atakayempa mtoto jina. Tena huyo ndiye aliyepewa bakuli la kwanza la dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, mwana akishanyonya akashiba. Hawe aliyachemsha kwa chumvi kidogo mpaka yakagandamana. Jamani, utamu ule! Watoto wa siku hizi ukiwawekea mbele wanakuuliza kama yameharibika.

Mshindani wangu alikuwa kaka yangu Karisa. Yeye alikuwa ameshamaliza shule, ndiye aliyewapeleka mbuzi malishoni kuelekea mtoni, basi alijiona daktari. Alitazama kiwele tu. Kikijaa kikang'aa, anatangaza. Kisipojaa, anasema, "Bado huyo," na mjadala umefungwa.

"Kiwele chadanganya, mwanangu," Hawe alimwambia kila mara. "Tia mkono."

Mimi ndiye niliyesikia. Siku moja Hawe alinishika vidole akaviweka pande zote mbili za shina la mkia wa mbuzi, akaniambia nibonyeze. Palikuwa na kamba mbili, ngumu kama penseli. "Siku utakayozitafuta usizipate," akasema, "usiende mbali." Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kunawa uso niligusa mikia ya mbuzi wote wenye mimba. Walinizoea hadi wakiniona tu wananigeuzia pembe!

Mwaka huo macho yetu yote yalikuwa kwa Kipaku, mbuzi mweusi mwenye doa jeupe usoni. Mzao wake wa kwanza alizalia vichakani. Karisa alirudi naye peke yake, tumbo limeingia ndani. Mtoto alikuwa ameliwa na bweha. Kipaku alizunguka zizi akilia na kunusa kila mwana asiye wake, na Hawe jioni ile hakugusa wari, ugali wetu. Akasema huyu mbuzi akipoteza tena, yeye na ufugaji basi.

Sasa sikia. Asubuhi moja nilichelewa kuamka, sikugusa mkia hata mmoja; nimevaa sare, kikombe cha chai mkononi na kiazi kitamu mdomoni, Karisa anafungua zizi. Mbuzi wote wanatoka wakisukumana, Kipaku amebaki pembeni. Anaparapara udongo kwa kwato, analala, anainuka, anageuka kutazama ubavu wake kana kwamba kuna mtu amemwita. Karisa akainama, akatazama kiwele, akakiona hakijajaa.

"Bado huyo," akasema, na fimbo ikainuka.

Sijui kikombe kilienda wapi. Niliruka ua wa miiba, nikamkumbatia Kipaku nyuma, nikatia vidole. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule. Kamba hazipo! Palikuwa laini kama unga uliokandwa, na nyonga zimebonyea.

"Hawe! Hawe! Kamba hazipo!"

"Huyu ataka kukosa shule tu," Karisa akacheka.

Hawe alitoka akifunga leso mbiombio. Akagusa pale pale nilipogusa.

"Karisa, funga mlango," akasema. "Huyu haendi."

Nilirukaruka mpaka kiatu kikanitoka. Shule? Nani alikuwa na habari nayo! Jua halijawa kali, ute mrefu ukaanza kuning'inia, Kipaku akanguruma kwa sauti ya chini ambayo hatukuwahi kumsikia nayo, na mara zikachungulia kwato mbili ndogo, na pua imelala juu yake. Likaanguka fungu lililolowa, likapiga chafya. Jike! Kipaku alimlamba akimsemesha, na Hawe, yule mkali, alikaa chini mavumbini akalia kwa furaha.

Nilimpa mtoto jina la Mshindi. Ikawa kila jioni Karisa anarudi kutoka malishoni akiita, "Mshindi! Mshindi!" na mimi naitika kutoka jikoni.

Hawe alishatangulia mbele ya haki. Mimi naishi Malindi, na mbuzi wa ukoo wa Kipaku wako kwa Karisa. Juzi bintiye, Sidi, alinipigia video kunionyesha mmoja. Ana programu kwenye simu inayomhesabia mimba, na programu imesema bado. Nikamwona mbuzi anaparapara udongo.

"Sidi, tia mkono mkiani."

"Aki shangazi! Nimetoka tu kuweka kucha!"

"Tia mkono!"

Akatia, uso ameukunja. Kisha uso ukakunjuka. "Shangazi... hakuna kitu hapa. Laini tu."

"Usimtoe! Funga mlango!" Nilipiga kelele hadi jirani akaja kugonga. Vidole vyangu vilikuwa vinabonyeza meza. Kwato zikachungulia, na mtandao ukakatika hapo hapo. Uliporudi, mwana alikuwa amesimama, anayumba, anatafuta ziwa.

"Jina lake," nikaanza haraka, "ni..."

"A-a, shangazi. Aliyegusa ndiye mwenye jina. Baba aliniambia sheria."

Nyuma yake nilimsikia Karisa akicheka, kisha nikasikia sufuria ikitolewa jikoni. Enzi zetu ningekuwa wa kwanza kukaa na bakuli. Siku hiyo dang'a waliinywa wao, na mimi nikajimiminia maziwa ya pakiti.