Chepchirchir na Kimya cha Mungu

Shangazi yangu Chepchirchir alikuwa akikamua ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja nje ya Molo, na kwa miaka mingi alimjua Mungu kwa lugha ya Kikuyu tu.

Sisi ni Watugen wa Baringo, tawi la Wakalenjin. Mume wake alikufa kwa homa wakiwa hawajapata mtoto, naye akapanda milimani kutafuta kazi. Kwenye laini, vile vibanda vya wafanyakazi, alipokelewa na Wangare, mama mtu mzima aliyekuwa akichuma maua ya pareto. Wangare alimpa kona ya jikoni alale, akamwonyesha namna ya kufunga magunia miguuni asubuhi za jalidi, kisha akamchukua kanisani. Kanisa lenyewe lilikuwa kibanda cha mabanzi na mabati, na waumini wote walikuwa Wakikuyu. Huko ndiko shangazi alisikia mara ya kwanza kwamba Mungu alimjua kwa jina lake. Alilia mpaka akaona haya. Sala alijifunza kwa Kikuyu, nyimbo kwa Kikuyu, hata dhambi zake alizitubu kwa Kikuyu chake kibovu, na hakuna aliyemcheka.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji wa Kikuyu waliojificha msituni. Mapema mwaka wa 1953 askari walifika shambani na malori, wakaamuru Wakikuyu wote wafunge mizigo warudishwe kwao. Wangare alikuwa amekataa kula kiapo cha wapiganaji hao, na kwa kukataa huko alikuwa ametishwa na watu wa msituni. Askari hawakutaka kusikia habari hiyo. Naye akapandishwa.

"Usiache kuomba, mwanangu," alimwambia shangazi kutoka juu ya lori.

"Nitaomba na nani, mama?"

Lori liling'oka kabla hajajibiwa.

Jumapili iliyofuata shangazi alikwenda kanisani peke yake. Alikaa benchi la nyuma, pale pake pa siku zote, kwa sababu hakuona kama ana ruhusa ya kukaa mbele. Akaanzisha wimbo, na sauti yake ikagonga mabati ikamrudia. Akafumba macho aombe. Maneno yalitoka yote kama alivyofundishwa, lakini ilikuwa kama kupiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Nilifikiri Mungu naye alipanda lori," aliniambia.

Nyapara wa shamba, Kiptanui, alimsikia kutoka nje. Akamngojea mlangoni.

"Dada, wewe ni mtu wetu," alisema kwa upole. "Askari wakisikia unaomba na lugha ya wale, wataniuliza. Nitawaambia nini?"

"Sijui kuomba na ingine."

"Basi nyamaza kwanza."

Akanyamaza. Mzungu mwenye shamba akakigeuza kibanda kile kuwa zizi la ndama, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakubaki mtu wa kulalamika isipokuwa yeye. Akawa anakamua, anakula, analala. Ila kila asubuhi, akiegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, kitu kilimpanda kifuani. Hakikuwa huzuni peke yake. Kilikuwa kama njaa ya mtu ambaye ametoka kula sasa hivi. Alitamani Mungu mpaka mikono ikasimama kwenye chuchu, na ng'ombe akageuka kumtazama.

Jumapili moja alitembea mpaka kanisa la wazungu. Alisimama nje ya ua kwenye manyunyu, akisikiliza kinanda, akijaribu kusali juu ya sauti ile ngeni. Dereva mmoja aliyekuwa akingojea mabwana zake alimfukuza. Akarudi shambani na shuka iliyolowa, na hakumwambia mtu.

Baadaye alisikia kuna mhubiri Mkalenjin anayekusanya watu karibu na stesheni ya Molo. Jina lake lilikuwa Micah. Shangazi alikwenda mbio. Kwa mara ya kwanza alisikia Mungu akiitwa Baba kwa maneno ya nyumbani kwao. Watu walilia karibu naye. Yeye hakuhisi kitu. Maneno aliyaelewa kuliko yote aliyowahi kusikia kanisani, na moyo wake ulikaa pale kama jiwe la meko lililopoa.

Watu walipotawanyika alimweleza Micah kila kitu. Micah akauliza, "Mama, unamtafuta Mungu, ama unawatafuta wale watu?"

Shangazi alirudi shambani. Alitembea na swali hilo kupitia misimu ya viazi, moja baada ya nyingine. Usiku mwingine lilimkasirisha. Lakini alijua Micah hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililomwogopesha: huenda hakuwahi kuwa na Mungu yeyote, huenda ulikuwa tu uji wa Wangare na joto la jikoni kwake.

Mwaka wa 1957 dereva wa lori la viazi, Mjaluo aitwaye Ogola, alimletea habari aliyopewa na mwanamke mmoja sokoni Nakuru. Wangare alikufa kijijini kwao, ndani ya boma la miiba walimofungiwa na serikali, mwaka uliopita.

"Pole, mama," Ogola alisema. "Nilifikiri ni afadhali ujue."

Shangazi alikwenda nyuma ya ghala akalia mchana kutwa. Alimlilia Wangare kama mtoto anavyomlilia mama, wazi, bila kujizuia. Na machozi yalipokwisha, aliona jambo ambalo hakulitarajia. Kilio cha kumlilia Wangare kilikuwa kimefika mwisho wake. Ile njaa nyingine ilikuwa bado pale, haikuguswa, wala haikuwa na sura ya Wangare wala ya mtu mwingine yeyote. Akapiga magoti kwenye matope. Kikuyu hakikuja. Alisema, kwa lugha ya mama yake, "Ni wewe ninayekutaka." Basi.

Hakuna sauti iliyomjibu. Mvua ilianza, akaenda kukamua.

Jumapili alimfuata Micah. "Nimejua," alimwambia. "Ni Mungu."

"Amekujibu?"

"Hapana. Amenyamaza tu."

Micah hakuharakisha kumfariji. Akamsogezea kiti.

Aliendelea kwenda kwa mkutano ule wa stesheni mpaka alipozeeka. Wengine walishuhudia ndoto na miujiza. Yeye, akiombwa kusema, alisimama akasema bado anamngoja Bwana, kisha akaketi. Vijana walimwonea huruma. Mimi, nilipohamia Molo, nilikuwa mmoja wao, mpaka siku moja nilipomkuta zizini, kichwa kimeegemea ng'ombe, macho yamefumbwa, maziwa yakiingia ndooni taratibu. Nilitaka kumwita. Nikaona ni kama ningemkatiza akiwa na mgeni, nikarudi nyumbani.