Paipu ya Somo la Kiingereza

Mwanangu alirudi kutoka shule akiwa ameubeba mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto. Nilikuwa nasonga ugali. Nikamwambia anipe sahani, akashindwa kuishika. Vidole vilikuwa vimevimba hadi ngozi ikawa inang'aa, na ukucha mmoja umekuwa mweusi.

"Nani?" nikamuuliza.

"Rafiki yangu."

Rafiki yake ni mtoto wa jirani, hapa hapa mtaani Manyatta, ukuta mmoja na sisi. Niliacha ugali jikoni nikaenda kugonga mlango wao kwa ngumi. Mtoto akatoka akilia kabla sijafungua mdomo.

"Mama, mwalimu alisema nisipochapa kwa nguvu atanichapa mimi!"

Hapo ndipo niliposikia mambo ya gredi ya nne. Mwalimu anaandika sentensi zenye mapengo ubaoni, watoto wanajaza "a", "an" au "the". Aliyepata anamchapa aliyekosa, kwenye vifundo vya vidole. Wangu aliandika "a hour". Halafu akaandika "sun" bila "the", kwa sababu kwetu tunasema chieng' na kwa Kiswahili tunasema jua, na linawaka tu bila kuongezewa kitu mbele.

Asubuhi sikwenda soko la Otonglo kuuza nyanya. Nilimshika mtoto tukaingia darasani bila kubisha.

"Mama, karibu," mwalimu akasema. "Lakini wazazi tunawaona Ijumaa."

"Ni wewe umeharibu mkono wa mtoto wangu?"

"Mimi? Sijamgusa hata kidogo." Akacheka, na darasa likacheka kwa uoga. "Mama, Kiingereza hakiingii kwa kubembelezwa. Wewe si ulimaliza form four? Nani alikufikisha huko kama si kiboko?"

Kweli nilichapwa. Huko Kisian nilikosoma nilichapwa kwa makosa hayo hayo hadi nikajikojolea mbele ya wavulana, na mpaka leo nikiandika barua ya kuomba kazi, kalamu inasimama nikifika penye "the". Kama hiyo ndiyo elimu, basi hata mbwa wa sokoni amesoma.

Kiboko chake kilikuwa mezani, kipande cha paipu nyeusi ya maji. Nikakichukua.

"Weka mkono hapa."

"Mama, usinichezee."

"Kwa nini ni 'an hour'? Jibu!"

"Kwa sababu h haisikiki," akasema.

Alijibu sawa. Nikamchapa hata hivyo. Nilimchapa vidoleni, nikamchapa begani, nikamchapa shingoni, na ningemchapa hadi alale chini. Akanikaba koo, akanisukuma ubaoni, mdomo wangu ukapasuka na damu ikanijaa menoni. Nikamng'ata mkono. Watoto walikuwa wamepanda juu ya madawati wakipiga mayowe. Mwalimu mkuu akaja mbio, akatuachanisha.

"Mama, chukua mtoto wako uende," akasema. "Na asirudi hapa."

Kwa hivyo sasa namfundisha mwenyewe, mezani, nikitoka sokoni, mpaka nimpatie shule ambayo mtoto hageuzwi kiboko cha mwenzake. Nilimwambia: nikikuambia nimeona samaki sokoni, na wewe humjui ni yupi, huyo ni "a fish". Nikimleta nyumbani, tukimwangalia wote wawili akikaangwa, huyo sasa ni "the fish". Jua tunalijua wote, ni moja, kwa hivyo ni "the sun". Na "hour" uitamke, usikilize inavyoanza. Alielewa kabla sufuria ya uji haijachemka. Hiyo ndiyo kazi waliyoshindwa kuifanya bila paipu!

Lakini kila nikimuuliza, kabla ya kujibu ananyoosha mkono mezani, vidole vimekunjwa, macho amefumba. Anajibu sawasawa, na bado anangoja.

"Toa huo mkono!" nilipiga kelele siku ya kwanza. "Nani anakuchapa hapa?"

Akausukuma karibu yangu zaidi. Ameshaniona nikichapa. Aliniona vizuri, alikuwa amesimama pale mlangoni mwa darasa.

Nikamwambia aikalie mikono yote miwili. Akaikalia.

"Haya, nyathina, mwanangu. Jua linawaka."

"The sun," akaanza, huku akiangalia mikono yangu.

Nikaikalia na mimi, tukaendelea.