Barua Ndani ya Vitambaa vya Altare

Asifiwe Mungu mwenye rehema, aliyeniacha hai mpaka nywele zimekuwa nyeupe na mkono ungali unashika kalamu. Kwa mengi namshukuru. Kwa hili ninaloliandika leo, bado namwomba zaidi kuliko ninavyomshukuru. Lakini naanza kwa sifa zake, kwa kuwa aliyajua yote kabla yangu na hakunitupa.

Ilikuwa miaka ya themanini, kabla daraja la Kilifi halijajengwa, magari ya Mombasa yakivuka kwa feri. Mimi nilikuwa nimeolewa Kakuyuni, nikifundisha katekisimu katika kanisa letu dogo la mabati. Mdogo wangu wa kike, niliyemlea tangu mama yetu alipofariki huko Kaloleni, alikaa kwangu na kufundisha katika shule ya misheni iliyopakana na kanisa. Padri alitoka Malindi kwa pikipiki, kila Alhamisi na Jumapili. Alikuwa bado kijana, mpole, mwepesi wa kucheka, na wagonjwa walimpenda kwa sababu alikaa nao bila kutazama saa.

Kufua vitambaa vya altare ilikuwa kazi ya mdogo wangu. Kazi hii ina taratibu zake. Kile kitambaa cha kufutia kikombe cha Misa hakikung'utwi wala hakikunjuliwi kikavu. Hutiwa majini vilevile kilivyokunjwa, katika beseni lisilotumika kwa kitu kingine, na yale maji ya kwanza humwagwa mahali safi pasipokanyagwa na mtu. Sisi tuliyamwaga chini ya mwasumini nyuma ya kanisa. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Hofu ilinianza kwa mzaha wa watu. Tulikuwa na jirani muuza mahamri, mwanamke mwema ila ulimi wake haukujua kukaa. Siku moja tukifagia kanisa, alisema mbele ya wanawake wenzetu:

"Mdogo wako mwalimu siku hizi anaimba, jamani! Anamwimbia nani?"

"Anamwimbia Mungu," nikamjibu.

"Mungu hasikii vizuri siku ya Alhamisi? Maana siku nyingine simsikii kupaza hivyo."

Wakacheka. Nami nikacheka nao. Kuanzia siku hiyo nikawa naangalia, na niliyoyaona yalikuwa madogo: Padri akimwambia asante kwa kitabu, halafu asijue mikono yake aiweke wapi, na mdogo wangu akisikia pikipiki, anainamisha kichwa. Kwa mtu mwingine yasingekuwa kitu. Mimi yaliniondolea usingizi. Nilijua jambo hili likivuma, atafukuzwa shule, na baba yetu, mzee wa kanisa kule Kaloleni, hatamtaja tena kuwa mwanawe. Na Padri je? Watu waliopokea Ekaristi mikononi mwake wangesema nini?

Kisha mdogo wangu akashikwa na malaria. Jumamosi alikuwa hawezi kusimama, basi nikaenda mimi kuchukua vitambaa vya Alhamisi. Nikavitia majini kama nilivyozoea, bila kuvikunjua. Maji yakaanza kugeuka buluu. Nikashtuka, nikaingiza mkono, nikatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Wino ulikuwa umetawanyika, lakini mistari ya katikati ilisomeka, kwa mwandiko wa Padri. Mpaka leo naikumbuka. *Jumatatu, saa tatu asubuhi, nitakuwa Kilifi, upande huu wa feri. Ukija, tutavuka pamoja na sitarudi. Usipokuja, nitajua umeamua, wala sitakuuliza tena.*

Nilikaa chini pale pale kwenye mwasumini. Niliikausha barua kati ya kurasa za katekisimu, nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Jioni ile homa ilipompungua mdogo wangu, aliniuliza akiwa ameelekea ukutani:

"Dada, vitambaa amefua nani?"

"Mimi."

Akavuta shuka. "Hukuona kitu?"

"Kitu gani?"

"Basi. Nilidhani kuna kimoja kimechanika."

Nilimdanganya mtoto niliyemlea kwa mikono yangu. Usiku kucha nilijiambia kwamba namwokoa.

Kulipokucha, sikuweza tena kuubeba mzigo ule peke yangu. Ningemwambia nani? Mume wangu angepiga kelele. Mzee yeyote wa kanisa angeita kikao. Ndipo nikafanya kosa ambalo huenda mtu wa imani yangu tu angelifanya: nilikwenda kuungama. Na aliyekuwa akisikiliza maungamo Jumapili hiyo, kama Jumapili zote, alikuwa yeye.

Kiti chetu cha kitubio kilikuwa kiti cha kawaida cha mbao, na kitambaa cha zambarau kikining'inia kati ya padri na muungamaji. Nyuma yangu foleni ilifika mlangoni. Nilipiga magoti.

"Padri, nimesoma barua isiyokuwa yangu. Ilikuwa ndani ya vitambaa vya altare. Mwenyewe hajaiona, wala hajui kwamba ipo. Nimemficha, na nimemdanganya."

Nje watoto walikuwa wakifukuzana, na mtu akawakemea.

Hatimaye alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Unajua kwamba uliloniambia hapa siwezi kulitoa nje?"

"Najua, Padri. Nawafundisha watoto."

"Basi ujue na jingine. Siwezi hata kulitumia. Nikitoka hapa, lazima niishi kama mtu asiyelijua."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikwenda pale nikitafuta tu mahali pa kusemea bila kusikiwa na watu. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Hawezi kuandika barua nyingine. Hawezi kubadilisha siku. Hawezi kunisimamisha nje ya kanisa akaniuliza. Nilikuwa nimemfunga kwa kamba ya altare yake mwenyewe.

Nilingoja aniamuru niirudishe ile barua. Angeniamuru, ningeirudisha, ndivyo anavyoamriwa mtu aliyechukua cha mwenziwe. Hakuniamuru. Nadhani aliogopa kuitumia sakramenti kwa faida yake. Alinipa Salamu Maria kumi za malipizi, akaniondolea dhambi, halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Nami uniombee."

Kisha akasoma Misa. Mkono wake ulipoinua kikombe, sikuweza kutazama.

Jumatatu mdogo wangu alipata nafuu, akaenda kufundisha. Kengele ya saa tatu ilipolia shuleni, nilikuwa natwanga kisamvu, na mchi ukanidondoka. Bado ningeweza kumkimbilia. Nilitoka hadi kwenye ua, nikawasikia watoto wakimwitikia hesabu kwa pamoja, nikarudi ndani. Nilifanya hivyo mara tatu. Saa sita nilijua muda umepita, na badala ya kupata faraja, hofu ikazidi.

Alasiri mimi na mdogo wangu tulikuwa kibarazani tukichagua mchele, yule jirani muuza mahamri akaingia, vumbi la safari likiwa bado miguuni. Alikuwa ametoka kumwona binti yake hospitali ya Kilifi.

"Hodi, wenyewe! Mwajua nimemwona nani ferini? Padri wetu! Amevaa shati tu, ana mkoba. Nashuka asubuhi, amesimama. Narudi saa nane, amesimama pale pale, jua la utosi. Nikamwambia, Padri, feri ngapi zimekupita? Akaniambia, namngoja mtu. Nikamwambia, mtu gani huyo asiyemhurumia mtumishi wa Mungu? Akacheka tu, maskini."

Mdogo wangu aliuweka ungo chini polepole. Hakumtazama jirani. Alinitazama mimi.

Jirani alipoondoka, nilifungua pindo la kanga, nikampa. Akasoma, akaigeuza, akasoma tena.

"Unayo tangu lini?"

"Jumamosi."

"Nilikuwa sijaamua, dada," akasema. "Huenda nisingekwenda. Sasa sitajua."

"Nenda kesho Malindi, mwambie hukuipata."

"Niende vipi? Watu wamemwona amesimama siku nzima. Nikimfuata kesho, wote watajua alikuwa akimngoja nani."

Ndipo nikamwambia na lile la kitubio, kwa maana dhambi ni yangu na naweza kuisema. Alisikiliza, uso wake ukabadilika.

"Uliungama kwake? Jana?"

"Jana."

"Kwa hiyo alijua kwamba siji."

"Alijua."

"Na bado akaenda."

Akalia wakati huo, kanga mdomoni, majirani wasisikie.

Padri alirudi Alhamisi kama kawaida. Alitusalimu wote, "Tumsifu Yesu Kristu," tukaitikia. Baada ya miezi michache aliomba uhamisho, akapelekwa mbali, na nasikia amekufa angali padri. Mdogo wangu aliolewa Tezo na mtu mwema, akazaa, akastaafu ualimu. Alinisamehe kwa maneno, na huja kunitazama kila nikiugua. Lakini alikataa kabisa kufua vitambaa vya altare tena, na tangu siku ile, akitaka kuniambia jambo la moyoni, hunitazama kwanza kwa muda mrefu.

Wanaosikia habari hii husema nilimwokoa yeye na Padri pia. Mimi nasali bila kujua kama ni kweli. Ninachokijua ni kwamba niliogopa watu, nikamchukulia mwenzangu neno lililokuwa lake, na Padri akasimama juani siku nzima kwa kuilinda siri yangu.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulinde na hofu inayojiita upendo. Akupe moyo wa kumwambia umpendaye ukweli angali na muda wa kuchagua. Na kama umeshachelewa kama mimi, akupe uvumilivu, na amani yake ikae nyumbani mwako. Amina.