Saa Mbili Alizonyimwa Profesa Ok

Fundi Maeng Tae-sik alikuwa na sumaku sita za kulea, kila moja moyo wa mashine ya kupimia protini. Kituo chao cha utafiti mjini Ochang kilikuwa cha wote: vyuo vya mikoani visivyo na mashine vilituma watafiti na protini zao ndani ya vijichupa vyembamba, wakapangiwa siku, wakaondoka na vipimo vya kuwaonyesha maumbo ya protini hizo. Maeng hakuwa na shahada. Kwa miaka ishirini na miwili alizijaza sumaku zile heliamu, gesi iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, baridi kuliko barafu yoyote, zisife. Mkewe alimtania kwamba hizo ndizo pekee anazokumbuka kuzilisha.

Mwaka ule heliamu ikaadimika. Mkurugenzi Tak akamwita.

"Kaka Maeng, iliyopo inatosha tano tu."

"Basi ya kuzima ni Namba Mbili," Maeng akajibu. Ndiyo iliyokuwa kongwe, na ni yeye aliyeisimika. Ikiachwa ikauke yenyewe, heliamu ingechemka ghafla na sumaku ingeungua ndani. Heri kuizima taratibu. Wakakubaliana izimwe Jumatatu.

Jumatatu akamkuta Profesa Ok Hye-rin kwenye mashine hiyo. Alitoka Gangneung kwa basi, baada ya kungoja zamu miezi mitano, na protini ya minyoo ya ini wanaowapata walaji wa samaki wabichi wa mtoni.

"Fundi, niachie mpaka Jumatano saa sita mchana. Hii protini haitafika wiki ijayo, itaoza, na mashine nyingine zote zina watu."

"Sumaku haijui Jumatano, Profesa. Inajua heliamu."

"Basi pima heliamu, tusibishane!"

Akapima. Asilimia thelathini na moja. Chini ya ishirini na tano, kuizima kungekuwa hatari. Akapiga hesabu mara tatu, akaona Jumatano saa sita itakuwa bado juu ya hapo, akaenda kwa Tak.

"Na ukikosea?"

"Waambie ni Maeng."

"Wataniuliza mimi, kaka." Kisha Tak akakubali. "Haya. Jumatano saa sita, hata dakika moja isizidi."

Siku mbili Maeng hakutoka mbele ya kipimo cha heliamu. Jumatano asubuhi kikaanza kushuka haraka kuliko hesabu yake. Saa nne kilisoma ishirini na saba.

"Profesa, simamisha."

"Zimebaki saa mbili tu!"

"Simamisha sasa hivi."

Profesa akasimamisha, akafunga mizigo yake. Hakumuaga. Mchana kutwa Maeng akaipunguza sumaku umeme, polepole, mpaka spana aliyoisogeza karibu ikatulia mkononi bila kuvutwa.

Vipimo vya Profesa vilionyesha karibu umbo zima, isipokuwa mkono mmoja wa protini. Ok aliupata majira ya machipuko yaliyofuata, kwenye Namba Tano, kwa protini mpya aliyoihangaikia majira yote ya baridi. Akamletea Maeng ngisi wakavu wa kwao na picha ya umbo kamili. Namba Mbili haikuwashwa tena, hata heliamu ilipofika.

Maeng amestaafu sasa. Ukimuuliza kuhusu kazi, hazungumzii sumaku sita.

"Ishirini na saba," husema. "Labda heliamu ingetosha zile saa mbili. Mpaka leo sijui."