Lugha Moja Mezani

Asubuhi ya kwanza ya kusomea nyumbani binti yangu alivaa yunifomu. Mimi sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nafuta meza ya jikoni nikamwona anatoka chumbani na sketi ya kijani iliyopigwa pasi, soksi amezivuta hadi magotini, nywele amezifunga nyuma. Akaketi, akaweka mikono juu ya meza, akaanza kunitazama mdomo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, alipaswa kuwa Gredi ya Saba pamoja na wenzake, na alikuwa hasikii kitu.

Tulikuwa tukiishi Kwa Vonza, huku Ukambani, tangu akiwa mdogo. Sisi si wa huku. Mume wangu alituleta kutoka Nyeri alipopata kazi ya barabara, tukanunua kiploti, tukajenga. Kisha barabara ikaisha, naye akaifuata nyingine upande wa Emali, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Mimi nikabaki na kuku, shamba dogo la ndengu, na huyu mtoto mmoja ambaye alikuwa amejifunza Kikamba kwa watoto wa jirani hata kabla mimi sijajua kusalimia vizuri. Tukienda sokoni yeye ndiye aliyekuwa akinitafsiria.

Homa ya uti wa mgongo ilimshika wakati wa likizo. Alilazwa Kitui mjini, na kuna siku ambazo madaktari walipita kitandani pake bila kunitazama. Lakini akapona. Kanisa zima lilisimama Jumapili ile kumshukuru Mungu, na mimi nikaimba mpaka sauti ikakatika. Tulikuwa nyumbani tayari nilipoangusha sufuria nyuma yake, kwenye sementi, naye akaendelea kuchambua mchele. Nikamwita kwa jina. Nikamwita tena. Daktari tuliyemrudia alimpima, akanivuta kando. "Mtoto amepona, mama," akasema. "Masikio ndiyo hayatarudi. Hata vile vifaa vya kusikia havitamfaa sana."

Alirudi shuleni muhula mmoja. Walimu walikuwa watu wazuri, lakini darasa lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na mwalimu akiandika ubaoni huongea na ubao. Rafiki yake wa dawati alimwandikia maneno wiki za kwanza, kisha akachoka, na siwezi kumlaumu, naye alikuwa mtoto na masomo yake. Siku moja jioni binti yangu hakuja nyumbani. Nikaenda kumtafuta, nikampata darasani peke yake. Alikuwa ameenda choo, na alipokuwa huko wenzake walitangaziwa watoke waende uwanjani. Alirudi akapata madawati matupu. Akaketi kuwangoja. Kengele ya kwenda nyumbani ililia hapo akiwa ameketi, wakaja kubeba mifuko yao, wakaenda. Alifikiri ni mapumziko.

Nikaambiwa kuna shule ya viziwi ya bweni upande wa Kikima, huko Makueni. Tulienda. Ilikuwa milimani, baridi kidogo, pahali pazuri. Watoto walikuwa wanacheza uwanjani na mikono yao inaongea haraka kiasi kwamba macho yangu hayakuweza kuifuata, na walikuwa wanacheka. Binti yangu alishika sketi yangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa chekechea. Msichana mmoja alikuja akamwuliza kitu kwa mikono. Yeye akanitazama mimi.

"Hata hapa sielewi," akaniambia, kwa sauti kubwa, kwa sababu hakujua tena sauti yake ina ukubwa gani.

Mwalimu wa kike aliyetupokea hakutulazimisha. Alisema, "Mlete mwisho wa kila mwezi, nimfundishe ishara polepole. Na wewe pia uje." Lakini kumwacha hapo siku hiyo sikuweza.

Ndipo nikaamua nitamfundisha mwenyewe. Mume wangu nilimwambia kwa simu.

"Wewe ni mwalimu?" akauliza.

"Nilimaliza Form Four."

"Hata mimi nilimaliza. Ningefundisha nini?"

Nilienda kwa mwalimu mkuu wa shule yake nikitarajia atanifukuza. Alinisikiliza, akavua miwani, akasema, "Mama, hata mimi sijui njia ni gani. Nitamwacha kwa rejista yetu, na mitihani atakuja kuifanyia hapa. Hayo mengine utajaribu." Akanipa vitabu vya kutumia, nikavibeba kichwani kama kuni.

Nilianza vibaya. Nilikuwa nimepanga ratiba kama ya shule, hesabu, kisha Kiingereza, kisha sayansi, na kabla ya saa nne mtoto alikuwa amelaza kichwa mezani. Nilifikiri ni uvivu. Sikujua kwamba kusoma midomo ni kazi ya kuchosha macho kuliko kuchambua mawe kwenye ndengu siku nzima. Nikapunguza. Somo fupi, kisha anatoka nje kuwapa kuku maji, anarudi. Yunifomu aliacha kuivaa siku ya nne au ya tano hivi, hakusema kitu, aliikunja tu akaiweka.

Shida kubwa zaidi ilikuwa lugha. Kabla ya ugonjwa, tukiwa nyumbani tulikuwa tunaongea Kikuyu. Nje alikuwa Mkamba kabisa. Kanisani Kiswahili, vitabuni Kiingereza. Mtoto anayesikia hubeba zote bila kujua anabeba. Lakini mdomoni zote zinafanana, na mimi nilikuwa nazichanganya kama kila mtu huku kwetu anavyochanganya. Yeye analitafuta neno kwenye lugha moja, kumbe mimi nimelisema kwa nyingine, na akija kulipata nishasema mengine kumi. Siku moja nilikuwa namweleza sehemu za mmea. Akapiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika.

"Maitu, chagua!" Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita, kwa lugha yetu. "Chagua lugha moja!"

Nikamwonyesha achague yeye. Nilikuwa na hakika atasema Kikuyu. Alifikiri, macho yake yakiwa dirishani.

"Kiswahili," akasema. "Kila mtu anakijua kidogo. Kikuyu ni wewe tu na Baba."

Kesho yake aliniita Mama.

Sijui kama mtu ambaye hajapitia hivyo atanielewa. Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni na cha kanisani. Nilijua kuuliza bei, nilijua kuomba. Kumbembeleza mtoto sikujua. Yale maneno mama yangu aliniambia nilipoanguka au nilipoota ndoto mbaya, niliyokuwa nimeanza kumpa huyu wangu, sikuyapatia Kiswahili chake. Akiumia nilikuwa nasema "pole", na pole unamwambia hata jirani aliyepotelewa na mbuzi.

Na hata hicho Kiswahili lazima niseme nikimtazama. Mwanamke akipika huongea, akifua huongea, akipeta mahindi huongea. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, mama mgongo kwetu na maneno yanakuja tu. Sasa nikigeuka kusonga ugali mazungumzo yamekatika. Nyumba ikawa kimya. Nilijikuta naongea Kikuyu na kuku. Siku moja alinikuta uani, akaona midomo yangu inacheza.

"Unaongea na nani?"

"Na kuku."

"Unawaambia nini?"

"Watoke kwenye ndengu."

Kuku hawakuwa hata karibu na ndengu. Nilikuwa nawaelezea vile kwetu kulivyo na ukungu asubuhi.

Akina mama wa kanisa walikuja mwanzoni, na unga, na maombi marefu ya Kikamba ambayo niliyaelewa nusu. Walimwekea mikono masikioni. Mmoja wao, mwanamke mkubwa ambaye watu humsikiliza, aliniuliza wakiwa wanainuka kwenda, "Na utamfungia nyumbani mpaka lini?" Alisema kwa upole, nadhani. Binti yangu alikuwa ameona midomo.

"Wanasema nini?"

"Wanakusalimia," nikamwambia.

Walipunguza kuja. Hakukuwa na ugomvi. Ni vile wakija, mtoto ameketi anawatazama midomo mmoja mmoja, nao wanaishiwa na la kusema. Rafiki zake pia walikuja, wakaandika vitu kwa karatasi, wakacheka wenyewe kwa wenyewe, kisha shule zikafunguliwa. Mimi nilikuwa nimezoea kupeleka uji shuleni saa nne, na pale langoni tulikuwa tunasimama na wazazi wengine tukiongea mambo ya mvua na ya watoto. Sikuwa nimejua kwamba hayo ndiyo yalikuwa maongezi yangu yote. Mtoto alipotoka shuleni, mimi pia nilitoka.

Lakini alikuwa anasoma. Hilo sitalificha. Hesabu za herufi, za kutafuta x, zilikuwa zimenitoka kabisa. Nilikuwa nazisoma alasiri yeye akilala, ili kesho nijue zaidi yake kidogo. Baadaye akanipita. Nikawa nakosea, ananyoosha kidole juu ya kosa bila kusema neno, na mimi nafuta.

Kuna siku ya papa. Tulikuwa tunasoma wanyama wa majini. Nikamwambia samaki mkubwa mwenye meno makali, papa, anaishi baharini. Akanikazia macho, uso ukabadilika.

"Baba amehamia baharini?"

"Papa," nikasema tena.

"Baba? Si alikuwa Emali?" Alikuwa ameanza kuogopa.

Ndipo nikaelewa. Papa, baba, mama, mdomoni yote ni kitu kimoja. Nikachora samaki, nikamchorea meno. Alitazama picha, akanitazama mimi, kisha akacheka. Alicheka akashika tumbo, na mimi pia, mpaka tukaegemea meza. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu hospitali. Nikachukua simu kumpigia mume wangu. Mashine zilikuwa zinanguruma nyuma yake. "Nitakupigia jioni," akasema. Na kweli alipiga, lakini jioni hadithi ilikuwa imepoa. Nilimweleza, akasema, "Aa, vizuri," akauliza kama mvua imenyesha.

Mwisho wa kila mwezi tulienda Kikima. Mwezi wa kwanza na wa pili alikaa karibu na mwalimu, akanakili ishara kwa uangalifu kama mtu anayeshona. Baadaye nilimwona amesimama na wasichana wawili karibu na matangi ya maji. Mikono yake ilikuwa inakwama, wanaishika, wanairekebisha, wanaendelea. Mimi nilikuwa kwenye benchi na kikombe cha uji. Nilijua ishara ya chakula, ya maji, ya shule, ya mama. Wao walikuwa wameshafika mbali. Tukirudi nikamwuliza walikuwa wanasema nini. Akanisimulia kidogo, kisha akatabasamu akitazama barabara.

"Hayo mengine ni yetu," akasema.

Mitihani ya mwisho wa mwaka aliifanyia katika shule yake ya zamani, ameketi mbele, akaifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Wiki hiyo, tukiwa mezani tunakula, aliweka kijiko chini.

"Mama, Januari nataka kwenda kukaa Kikima. Bwenini."

Nilimwuliza kama amechoka na mimi. Alikunja uso, akafikiri, vile hufikiri swali la hesabu.

"Sijachoka na wewe. Nimechoka tukiwa wawili tu."

Hata mimi nilikuwa nimechoka hivyo hivyo, ila sikuwa nimepata maneno yake. Nikamwambia sawa.

Baba yake alikuja tukampeleka pamoja, na sanduku, na godoro. Langoni alimkumbatia baba, akanikumbatia mimi, akakimbia ndani. Kisha akageuka, akaniambia kitu kwa mikono. Sikukielewa. Nikamwashiria arudie. Akarudia, polepole, wenzake wakitazama. Bado sikukielewa. Akacheka, akapaza ile sauti yake kubwa isiyojua ukubwa wake:

"Nimesema nendeni! Gari litawaacha!"

Tukaenda.

Sasa yuko Gredi ya Nane. Likizo akija tunakaa mezani, kwa sababu sayansi yake bado ina mashimo, na hunifundisha ishara kwa ukali ambao nadhani aliutoa kwangu. Mume wangu amejifunza chache, hutumia hizo hizo. Mimi naendelea kwenda mwisho wa mwezi kufundishwa na yule mwalimu, ambaye husema vidole vyangu ni vigumu kama vya mtu aliyezoea jembe, na ni kweli. Siku nyingine zote nyumba ni yangu na kuku. Mara ya mwisho nilipoenda nilimwuliza binti yangu kwa mikono tu, bila kufungua mdomo, amekula nini mchana. Akanijibu kwa mikono, na nikaelewa: mahindi na maharagwe, na hayakuwa yameiva.