Kimea Uani kwa Mchungaji

Magoti ya Ruti hayakuumbwa kwa ajili ya Ibaba. Yalizoea Tunduma, kwenye tambarare, ambako alisimama miaka yote kwenye meza yake ya vitenge akiwaita Wazambia kwa Kibemba chao, "mulishani, bamayo," habari yako mama, mpaka koo likauke. Huku milimani Ileje nyumba moja iko juu ya nyingine, na kwenda kumjulia hali mgonjwa ni kushuka mpaka mtoni halafu kupanda upya. Akichoka, alisimama na kujifanya anatazama mashamba ya watu. Akina mama waliomfuata na ndoo zao kichwani nao walisimama wakatazama mashamba, kwa adabu tu, ingawa mashamba yenyewe yalikuwa ya kwao na waliyalima jana.

Hakuwa na wa kumlalamikia, maana walikuja kwa hiari. Kanisa lao la Tunduma lilikuwa na utaratibu wa kuwatuma wazee waliostaafu, mume na mke, wakakae kama wamisionari kwenye ushirika mdogo usio na mchungaji. Jairo, mumewe, alikuwa wakala wa forodha mpakani, mtu wa mihuri na foleni za malori, na sifa aliyojivunia ni kwamba hajawahi kupitisha mzigo usioandikwa. Alipostaafu alikaa nyumbani akikagua kila kitu, hadi mchicha uliotoka sokoni. Siku lilipotolewa tangazo la wamisionari, Ruti alimpiga kiwiko anyooshe mkono. Magoti yake hakuyauliza.

Waliwekewa mikono mbele ya kanisa zima. Jairo akapewa ruhusa ya kuhudumia Meza ya Bwana, akashika kipaza sauti, akaahidi kwamba atamaliza muda wake bila doa. Ruti alitamani angesema machache zaidi, lakini Jairo akishika kipaza sauti huwa hakiachii mapema. Watu wa Ibaba hawakujali alikuwa na cheo gani hasa. Walimwita Mchungaji tangu siku ya kwanza, na Ruti akawa Mama Mchungaji.

Siku zao zilifanana. Asubuhi waliomba wawili, Jairo akiomba kwa kirefu na Ruti akiitikia huku jicho moja liko kwenye uji usije ukamwagika. Kisha Jairo aligonga rimu ya gari iliyoning'inia nje ya kanisa, ndiyo kengele yao, na watu wakaanza kuja na shida zao: huyu mpaka wa shamba umesogezwa, yule mtoto hasomi, mwingine kaota ndoto mbaya. Mchana walipanda na kushuka kwa wagonjwa. Jioni walikuta mlangoni viazi au maharage au ndizi, zimewekwa na mtu asiyebisha hodi. Simu ilishika mtandao kwenye jiwe moja tu juu ya kanisa, na hapo ndipo Ruti alipokwenda kuongea na binti yake Goodness, akamwambia kwamba hewa ya huku ni nzuri na magoti hayamsumbui kabisa. Alikuwa mke wa mchungaji, lakini uongo wa aina hiyo hakuuhesabu.

Rafiki yake alikuwa Ketrina. Mama huyu alikuja wiki ile ya kwanza, akamkuta Ruti amejaza mashavu anapuliza kuni mbichi, machozi yanamtoka.

"Mama Mchungaji, hizo kuni unazibembeleza?"

Hakuna mwingine aliyethubutu kumcheka hivyo, na Ruti alimpenda hapo hapo. Ketrina ndiye aliyemfundisha mahali pa kuweka mguu mvua ikinyesha, na nani amenuniana na nani kwenye kwaya. Alipofiwa na mumewe Shadrack, ghafla tu, kwa homa, Ruti alilala msibani kwenye mkeka pamoja na wanawake wa ukoo, akaamka mgongo umekatika, akarudi tena kesho yake.

Mvua za masika zilipokaribia kwisha, shemeji yake Ketrina, Anyelwisye, alikuja kuzungumza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa tatizo, kwa sababu mtu mbaya unamkatalia na roho yako inatulia. Alikaa kwenye kigoda, akamwambia shemeji yake kwa upole kwamba Shadrack bado hajapikiwa pombe ya kuanua matanga. Asipopika, wazee watasema amejitoa kwenye ukoo. Na shamba la kahawa, shemeji, ni la ukoo.

Kanisa nalo lilikuwa na sheria yake, ya zamani kuliko wote waliokuwa hai: muumini akipika pombe anatengwa na Meza ya Bwana miezi sita. Na akitengwa si Meza peke yake anayokosa. Kikundi cha akina mama hakiendi kumsaidia shambani, na wazee wa kanisa hawali nyumbani kwake. Mwanamke mmoja na watoto wadogo hawawezi kuchuma kahawa yote ikaisha kabla haijaangukia chini. Kila mtu Ibaba alilijua hilo.

Ketrina alikuja jikoni kwa Ruti, akakaa karibu na moto.

"Mama Goodness, nikipika, nakosa Meza. Nisipopika, nakosa shamba. Na watoto wangu hawali Meza."

Ruti alipaswa kumwambia amtegemee Mungu. Alifungua mdomo aseme hivyo, na kilichotoka kikawa kingine.

"Ulezi utauanika wapi?"

Maana ndilo lilikuwa swali. Ulezi wa pombe hulowekwa mpaka uchipue, kisha huanikwa juani siku kadhaa ndipo usagwe kuwa kimea, na ua wa Ketrina ulikuwa kando ya njia ya kanisani. Mzee Hezron, mkuu wa wazee wa kanisa, alipita hapo kila siku. Ua wa nyumba ya mmisionari ulizungushiwa majani marefu ya mabingobingo, na ni nani angechungulia uani kwa Mchungaji akitafuta kimea? Ulezi wa Ketrina ukaja umefunikwa majani ya maboga, ukatandazwa kwenye mikeka ya Ruti nyuma ya jiko.

Ruti hakumwambia mumewe kitu. Jairo alipita hapo kwenda chooni, akapita tena kurudi, macho yake yako juu mawinguni. Nyumba ya wazee wawili haina siri, ina vitu ambavyo havisemwi tu.

Siku moja Ruti yuko ng'ambo ya mto kwa mgonjwa, mvua ikashuka bila kuaga. Alikimbia, kama zile zinaweza kuitwa mbio, akiulilia ulezi wa watu njia nzima. Alipofika uani hakukuta mikeka. Ilikuwa stoo, ulezi umerundikwa vizuri, mkavu. Jairo alikuwa barazani na Biblia yake magotini, shati limelowa mabegani kote.

"Mvua imekukuta?" Ruti akauliza.

"Kidogo. Na wewe?"

"Kidogo."

Ruti aliingia ndani akamletea shati jingine, na siku ile alimpenda mume wake jinsi ambavyo hakuwa amempenda kwa muda mrefu.

Pombe ikapikwa, Ruti akiwasha moto wa kwanza, ikanywewa, matanga yakaisha, shamba likabaki kwa Ketrina. Na kwa kuwa pombe ya ukoo mzima hainywewi kwa siri, Mzee Hezron akaitisha kikao sebuleni kwa mmisionari. Naye hakuwa mkorofi. Aliwahi kumtenga hata binti yake mwenyewe kwa kosa hilo hilo, akalia naye, lakini akamtenga.

Ruti ndiye aliyemimina chai.

"Binti yangu," Hezron akasema, "ni nani aliyekusaidia?"

"Mikono yangu," Ketrina akajibu.

"Kimea mbona hatukukiona? Ulianika wapi?"

"Nilianika, baba. Kikakauka."

Alisema akiangalia kikombe chake. Hakumtupia Ruti jicho hata kidogo, na Ruti aliyeshika chupa ya chai aliona aibu inampanda mpaka masikioni. Alimtazama mumewe. Jairo alikuwa anakoroga chai ambayo hajaitia sukari.

"Basi," Jairo akasema mwishowe, "utaratibu ufuatwe. Jumapili."

Walipoondoka, Ruti hakutoa hata vikombe mezani.

"Baba Goodness."

"Najua unachotaka kusema."

"Kama unajua, kiseme wewe."

Jairo alizungumza kwa muda mrefu. Ripoti itakwenda Tunduma. Wataitwa warudi, kwa aibu, na ushirika huu utabaki tena bila mtu, na wagonjwa hawa nani atawaona? Miezi sita si maisha. Ketrina atarudi kundini. Yeye Jairo atatafuta vijana wa kumsaidia kuchuma.

"Unaogopa," Ruti akamkatiza.

"Naogopa," Jairo akasema. "Nimeahidi mbele ya watu, mama. Naogopa."

Ruti alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa jibu hilo. Alikusanya vikombe, akaenda kuviosha, akavigonganisha kwa nguvu kuliko vilivyostahili. Wiki iliyobaki waliomba asubuhi kama kawaida, na kila Jairo aliposema "utusamehe makosa yetu," Ruti alisubiri aongeze kitu. Hakuongeza.

Jumapili kanisa lilijaa. Watu wetu kwa kawaida huchelewa ibada, lakini siku ya mtu kutengwa hufika mapema. Ketrina aliitwa jina, akasimama katikati ya akina mama na kitenge chake kilichofuliwa kikapauka, mikono ameshikanisha mbele. Nusu ya wanawake wale walimchotea maji ya pombe au walimtwangia, na wote walikuwa wanaangalia miguu yao. Jairo alisoma kosa. Akasoma miezi. Ruti alimwangalia mdomo, akimpa nafasi hadi neno la mwisho. Lilipofika la mwisho naye Jairo akawa anakunja karatasi, Ruti akasimama.

"Kimea kilianikwa uani kwangu," alisema. Sauti iliyozoea kuita wateja ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mikeka ni yangu. Moto wa kwanza niliuwasha mimi. Kama ni miezi sita, ni yetu wawili."

Ya mvua hakuyasema. Hayo yalikuwa ya Jairo.

Mzee Hezron aliinuka nusu. "Mama Mchungaji, keti kwanza. Tutalizungumza."

"Sikai, mzee wangu. Nisamehe."

Jairo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa.

"Na Ruti," alisema. "Mke wangu. Miezi sita."

Wanawake wale wawili wakaondoka kwenye nafasi zao, wakaenda benchi la nyuma, la karibu na mlango. Hakuna aliyewafuata. Ibada ikaendelea, Meza ikafunuliwa. Kwa desturi ya kanisa lile anayehudumu hula wa kwanza, watu wote wakimwona, ndipo awape wengine. Jairo aliumega mkate. Akasimama nao mkononi muda ambao kila mtu aliuona ni mrefu, na Ruti, kule nyuma, alimwomba Mungu kwa moyo wake wote kwamba mume wake asile.

Alikula. Ruti aliliona koo lake likimeza, akainamisha kichwa, akalia.

Baada ya ibada mchungaji na mkewe husimama mlangoni kupeana mikono na waumini. Jairo alisimama peke yake. Ruti alipanga foleni na wengine, na zamu yake ilipofika akatoa mkono.

"Bwana akubariki," Jairo akasema, kama alivyowaambia wote.

"Leo nitapika kwa Ketrina. Njia unaijua."

Huko kwa Ketrina hakukuwa na shukrani yoyote.

"Nani alikutuma?" Ketrina alifoka, akivunja kuni kwa goti. "Mimi nimekuficha ili ubaki, na wewe unasimama! Sasa kahawa tutachuma na nani? Na hayo magoti yako?"

"Nitachuma matawi ya chini."

"Ya chini!" Ketrina alitaka kucheka, ikashindikana. Alikaa chini akajifuta uso na khanga, kisha akabandika maji ya ugali.

Chakula kilikuwa kimeshaiva walipomwona Jairo kwenye njia. Ulikuwa mchana kweupe, watu bado wanarudi makwao kutoka kanisani, na kila aliyepita aligeuka kumtazama Mchungaji akikata kona kuingia kwenye ua wa aliyetengwa. Alipiga hodi. Ketrina akamkaribisha kwa sauti ndogo, akampa kigoda, akaleta jagi la maji ya kunawa.

"Tuombee chakula, Mchungaji."

"Omba wewe, Ketrina. Mimi leo siwezi."

Ketrina alimtazama, jagi liko hewani.

"Siku ile ya mvua," Jairo akasema, "ulezi wako niliuingiza ndani mimi. Mama Goodness hakuwepo. Niliubeba mwenyewe."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na leo ukanisimamisha mbele za watu. Na mkeo. Halafu ukala Meza."

"Nilikula," Jairo akasema.

Ketrina akainama, akammiminia mzee yule maji mikononi, polepole, mpaka jagi likaisha. Akamsogezea bakuli la maharage.

"Kula," alimwambia. "Jumapili ijayo utasimama wewe."

Jairo alimega tonge. Maharage yakamwagika kwenye suruali ya ibada, lakini alikula, na watu njiani walimwona.