Bi Pazia na Kiti cha Mwalimu

Shangazi yangu hakuwahi kuingia chumba bila kupiga hodi, hata kama chumba chenyewe kilikuwa kitupu. Alisimama mlangoni na ndoo yake ya kudekia, akagonga kwa kidole kilichokunjwa, akasema, "Hodi humu," akangoja kidogo kama anayesikiliza, ndipo akaingia. Nilipokuwa msichana mdogo nilimuuliza anamgongea nani.

"Chumba," alinijibu. "Ukikiingilia ghafla utakikuta hakijajiweka sawa, halafu utoke ukakiseme vibaya kwa watu."

Mtaa mzima ulimwita Bi Pazia. Alishona mapazia tangu usichana wake, katika chumba cha mbele cha nyumba ya bibi yangu, na aliyajua madirisha ya watu kuliko alivyozijua sura zao. Ukimtajia mtu aliuliza kwanza, "Yule wa madirisha marefu yanayotazama kiwanda?" Aliolewa, ndoa ikaisha mapema bila makelele, akarudi nyumbani kumtunza mama yake. Bibi alipofariki, nyumba ikabaki ya familia, na ndani ya nyumba akabaki yeye peke yake na vyumba viwili vya juu visivyolaliwa na mtu. Baba yangu alikuwa ameshatangulia. Mimi nilikaa mji mwingine, katika vyumba vya kupanga ambavyo sikuwahi hata kuvipigia msumari ukutani.

Nyumba isiyolaliwa huchoka upesi. Bati la upande wa nyuma lilioza, mvua ikaanza kuingia, na Baba Mkubwa, kaka yao mkubwa, akaja kukagua. Alipanda ngazi, akatazama dari, akashuka huku akijipangusa mikono.

"Nyumba hii imetushinda, mdogo wangu. Tuiuze. Wewe uje ukae kwangu, nitakupa chumba kizuri karibu na jikoni."

"Karibu na jikoni?" Shangazi akamtazama juu ya miwani. "Unanikaribisha au unaniajiri?"

Baba Mkubwa alicheka, lakini hakubadili neno lake. Shangazi akaomba msimu mmoja tu wa likizo. Watu wengi pale mtaani walikuwa wameanza kupangisha vyumba kwa wasafiri kupitia mtandao. Naye angejaribu vile vya juu. Vikitengeneza paa, nyumba ibaki. Vikishindwa, angefunga cherehani yake na kuhama. Baba Mkubwa alikubali haraka, kwa haraka ya mtu anayejua atashinda.

Nilifika wiki hiyo kwa mapumziko yangu, nikapewa kazi ya kuandika tangazo. Picha alikuwa ameshazipiga mwenyewe kwa simu yake. Zilikuwa za giza. Katika ya kwanza kitanda kilionekana nusu, nusu nyingine ilikuwa kidole gumba chake. Katika ya pili kulikuwa na ndoo, ndala moja ya bafuni, na ukuta. Baba Mkubwa alizitazama kwa muda mrefu.

"Hiki ni chumba cha kupangisha," akauliza, "au ni ushahidi wa polisi?"

Tangazo lilikaa hivyo na hakuna aliyepiga simu. Ndipo Shangazi akaamua kufanya kile ambacho kila mtu wa mtaa wetu angefanya ukimwambia kwamba wageni wanakuja kutazama nyumba yake. Akatoka kwenda kuazima.

Kinyozi alitoa kioo chake kikubwa chenye fremu ya dhahabu, na wateja wake wakakaa alasiri nzima wakinyolewa kwa imani. Mke wa dobi alileta mapazia ya lesi na shuka jeupe lililonyooshwa hadi likang'aa. Baadaye tuligundua kuwa shuka lilikuwa la mteja, lakini lilirudi kabla mwenyewe hajalifuata. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili alitoa kiti chake cha mbao chenye mgongo mrefu na mikono mipana, akakisindikiza mpaka ngazini kana kwamba anampeleka mtoto shule ya bweni.

"Kirudi kabla ya jua kuzama," alisema. "Mimi sina pengine pa kukaa."

Shangazi alishusha mapazia yake mwenyewe, akayaficha sandukuni. Alikuwa ameyashona kwa mabaki ya vitambaa vya wateja: kipande cha nyumba hii, kipande cha nyumba ile, kijani kando ya zambarau, maua kando ya mistari. Aliyaonea haya. "Fundi mzima kuvalisha dirisha lake makombo," alisema. Akatundika lesi, akaweka kiti dirishani, kioo pembeni, taa ya mezani juu ya kijimeza. Nikafungua dirisha mwanga uingie, nikasimama pembeni kabisa mwa chumba ili kionekane chote, nikapiga. Zilitoka picha nzuri ajabu. Jioni kila kitu kilikuwa kimerudi kwa mwenyewe, na lesi ilipoondoka, mapazia ya makombo yakarudi dirishani kwa kukosa mengine.

Kabla wiki haijaisha tulipata mgeni wa kwanza. Alikuwa mkunga aliyechukua likizo yake yote kwa mkupuo. Alitaka chumba cha dirishani na alikuwa ameshalipia. Shangazi alimpokea begi, akampandisha juu, akagonga mlango wa chumba kitupu, "Hodi humu," na mkunga akatabasamu. Tabasamu lake lilikwisha alipoingia.

"Samahani, mama. Kile kiti kimehamishiwa chumba kingine?"

"Kimerudi kwao," Shangazi akasema.

"Kwao wapi?"

"Kwa mwalimu, hapo nyumba ya pili. Kilikuja kupigwa picha tu."

Mkunga aligeuka taratibu. "Na kioo?"

"Kioo kiko kazini. Ni cha kinyozi."

"Na taa ile pale? Au nayo ina kwao?"

"Taa ni yangu," Shangazi akasema, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "ila haiwaki."

Niliuma midomo. Mkunga hakucheka. "Mama, kazi yangu ni ya kuinama. Mgongo wangu umekwisha. Nilikipita chumba kizuri kuliko hiki nikachagua hiki kwa sababu ya kile kiti. Nilijiona nimekaa pale." Akatoa simu mkobani. Angedai pesa zake, hilo lilikuwa haki yake, na angeandika maoni yake chini ya tangazo letu. Maoni ya mgeni wa kwanza ndiyo ambayo kila anayefuata huyasoma kabla ya kutazama picha. Akilini nikamwona Baba Mkubwa akija na mnunuzi.

Shangazi aliketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakulifanya kamwe kwenye kitanda kilichotandikwa.

"Nimekudanganya, mwanangu," alisema. "Na sikujua nadanganya mpaka uliponiuliza. Sisi hapa wageni wakija, viti hutoka kwa jirani. Wageni wakiondoka, viti hurudi. Nikasahau kwamba picha haiondoki." Akamgeukia mkunga. "Hebu niambie. Ulipoolewa, kila ulichovaa kilikuwa chako?"

Mkunga aliishusha simu. "Shela ilikuwa ya dada yangu," alisema.

"Na viatu?"

"Vya mama mdogo. Vilinibana mpaka nikatamani bwana harusi aghairi."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikapata pumzi. Lakini mkunga alikuwa mtu wa kurudi kwenye jambo lake. "Ila mume wangu hakuja kwa ajili ya viatu, mama. Mimi nimekuja kwa ajili ya kiti."

"Hapo umesema," Shangazi akajibu, akainuka. "Nipe nafasi ya kwenda hapo nje na kurudi. Nikirudi mikono mitupu, andika unavyotaka, nami nitakubebea begi mpaka kituoni."

Nilimfuata. Mwalimu alikuwa kibarazani, kitini, gazeti limemlalia tumboni.

"Bi Pazia," alisema kabla hatujaamkua, "kiti changu sasa kimesafiri kuliko mimi."

"Mwalimu, safari hii sikuja kuazima. Nimekuja kukitaka moja kwa moja."

"Alaa! Utakinunua?"

"Kwa pesa gani? Ningekuwa na cha kununulia ningekuwa na paa. Nina mikono na nina macho. Madirisha yako yako uchi tangu marehemu mkeo atutoke. Uliyashusha mapazia yakafuliwe kwa ajili ya matanga, hukuyarudisha. Kila nikipita naona kitanda chako mpaka barabarani. Nitakushonea nyumba nzima, kitambaa changu."

Mwalimu alilikunja gazeti, akalikunja tena. Nadhani hakuna aliyekuwa amemtajia madirisha yale. Sisi wengine tulipita tukatazama pembeni, tukaita hiyo adabu.

"Alikuwa anapenda bluu," alisema hatimaye.

"Najua. Nilimshonea mimi."

Akasimama, akakipangusa kiti kwa gazeti. "Haya, kichukueni. Lakini nikija kumwona mgeni wenu, nitakaa wapi?"

"Ngazini," Shangazi akasema, "kama watu wengine wote."

Tulikibeba sisi wawili barabarani, yeye mbele mimi nyuma. Kinyozi akatoka na mkasi mkononi kutuuliza, "Kinapigwa picha tena?" Shangazi akamjibu bila kugeuka, "Kimeposwa. Kinahamia." Mkunga alikuwa amesimama juu ya ngazi. Tukakiweka dirishani. Aliingia, akakaa, akaegemeza mgongo, akafumba macho, na simu ikarudi mkobani.

Asubuhi yake alituita. "Njooni muone chumba chenu." Jua lilikuwa limepanda kiasi cha kuupita ukuta wa jirani, na lilikuwa likipenya mapazia ya makombo. Kijani, zambarau na njano vilikuwa vimemwagika sakafuni mpaka miguuni mwa kiti. Shangazi alisimama mlangoni na ndoo yake. Saa hiyo kila siku huwa yuko chini kwenye cherehani. Miaka yote ile hakuwa amekiona chumba hicho katika mwanga huo.

"Hiki ni kipande cha nyumba ya daktari wa meno," alisema, akionyesha sakafu. "Na kile cha wale walioachana."

"Piga picha," mkunga akaniambia. "Na ule ufa wa ukutani usiufiche."

Nikapiga: kiti, dirisha, rangi sakafuni, ufa. Nikafuta picha zote za lesi. Tangazo nikaliandika upya, Shangazi akisimama nyuma ya bega langu na kunilazimisha kuongeza: "Kioo ni kidogo. Kikubwa kipo kwa kinyozi wa mtaa, naye hakatazi mtu kujitazama." Taa akaipeleka kwa fundi. Vyumba vikaanza kulaliwa, si kwa kishindo, lakini mgeni mmoja alipoondoka mwingine alikuwa ameshauliza njia.

Mwisho wa msimu Baba Mkubwa alikuja na begi dogo, kama walivyopatana. Mafundi walikuwa wameshashuka paani. Bati jipya lilimwakia machoni tangu kona ya barabara. Akazunguka nyumba mara mbili akitafuta la kusema. Kisha akaomba kulala, maana safari ilikuwa ndefu.

"Juu kumejaa," Shangazi akamwambia. "Labda huku mbele, kando ya cherehani. Nitakutandikia."

"Yaani mimi nikose kitanda ndani ya nyumba ya mama yangu?"

"Tangazo liko wazi kwa watu wote, kaka. Ungewahi."

Alilala kando ya cherehani, na asubuhi alilalamika kuhusu mgongo mpaka mwalimu, aliyekaa ngazini, akaanza kumweleza habari za kiti. Kuuza hakukutajwa. Wakati wa kuondoka alisema tu, akitazama viatu vyake, "Mwakani niwekee kile cha dirishani."

Shangazi alikaa katika nyumba ile mpaka mwisho. Mimi nilizoea kurudi kila likizo, na nikigundua yuko na wageni, nilifurahi kulala chini. Nimeishi vyumba vingi, na mara nyingi nimejiuliza kwa nini hakuna hata kimoja kilichowahi kunikaribisha. Siku hizi napiga hodi kabla ya kuingia kwangu. Hakuna ajuaye, na hainigharimu kitu.

Alipougua, tulimpandisha chumba cha juu ili apate jua la asubuhi. Mara ya mwisho kumwona nilifika na begi langu moja kwa moja kutoka kituoni. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Niligonga, nikasema, "Hodi humu," nikangoja kama alivyonifundisha. Nikasikia anahema, anajisogeza, shuka linanyooshwa. Alikuwa amechoka sana kuzungumza siku hiyo, na baada ya maneno haya alinishika mkono tu mpaka akasinzia.

"Karibu, mama, kimeshajiweka sawa. Sifia kila unachokiona, isipokuwa huu mto. Huu ni wa mwalimu."